Kumkunja Samaki Si Kumvunja

Siku mama aliponipeleka chuoni alimwambia maalim, "Nyama yako, mifupa yangu." Nilikuwa na miaka sita. Maalim yule, Mungu amrehemu, alilipokea neno lile kama lilivyo. Ukikosea herufi, bakora, ukichelewa, bakora, ukicheka, bakora. Nilichojifunza upesi kuliko alifu na be ni njia ya kutorokea, nikawa nashinda pwani na mshipi wangu.

Baba akanihamishia kwa bibi mmoja aliyesomesha barazani kwake. Naye alikuwa na ufito, lakini sikumbuki kuuona ukishuka. Siku ya kwanza alitufunza mambo matatu tu: viatu huwekwa wapi, salamu hutolewa vipi, na mwenzio akisoma wewe hufanyaje. Tuliyarudia mpaka tukayazoea. Mtoto aliyefanya vyema alitajwa kwa jina mbele ya wenziwe, na Jumatano jioni akapewa kashata. Kwa bibi huyo ndiko nilikokhitimu.

Nimeyakumbuka haya majuzi, mpwa wangu aliponiletea mwanawe wa gredi ya 7, aliyekataa katakata kwenda skuli. "Mjomba, mtie adabu huyu," akaniambia. Kumbe mtoto alichapwa mbele ya darasa kwa kuchelewa, na wenziwe wakampa jina la kumcheka. Nilipomtazama, nilijiona mimi pale pwani.

Msomaji mpenzi, bakora skulini ilipigwa marufuku nchini tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza kumtesa mwanafunzi kwa mwili au kwa moyo. Watoto wa gredi ya 7 hadi 9 wamo katika sekondari msingi, iliyoanza Januari 2023, nao wamo katika umri wa kubaleghe, umri ambao aibu huuma kuliko fimbo. Basi fimbo ikiondoka, mahali pake paingie nini?

Huko Marekani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oregon walianza kueneza utaratibu wao katika miaka ya 1990. Skuli huchagua kanuni tatu hadi tano, zinazosema la kufanya badala ya la kuacha. Kanuni hizo hufunzwa kama hesabu inavyofunzwa: langoni, darasani, msalani. Anayezifuata husifiwa kwa kutajiwa alilolitenda. Makosa huandikwa, yajulikane hutokea wapi na saa ngapi. Wachache wasiotengenea hupewa mtu wa kuwaangalia kila siku. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, maana bibi yangu wa barazani hakuwahi kufika Oregon!

Wala si jambo geni kwetu. Anas bin Malik alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka 10, wala hakusikia kwake hata neno la kuguna.

Nilimwuliza yule mtoto swali ambalo hakuna aliyemwuliza: kwa nini huchelewa? Kumbe kila asubuhi humpeleka mdogo wake nasari kwanza. Tukaenda na mamake kwa mwalimu, tukalisema, na ndugu mwengine akaichukua kazi ile. Mtoto amerudi darasani.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Walisema kukunja, hawakusema kuvunja. Mzazi, kabla ya kuuliza atapigwa na nani, uliza kwanza amefunzwa nini.