Mtoto Aliyepotea Njiani na Ofisi Zilizo Mbali



Nimeombwa kuandika katika kurasa za Kiswahili kwa sababu mimi ni mzaliwa wa Goma, nami nilikuja kusoma hapa Uganda mwaka 2022. Nimechagua jambo ambalo wengi wetu hulisikia kwa redio tu. Maafa yanapowapata watoto katika nchi fulani, ofisi kuu zilizo mbali, kama New York, Geneva na Copenhagen, hufanya kazi gani? Wako wasemao kwamba hazifanyi lolote ila kuandikiana barua. Mimi nami nilikuwa mmoja wao. Sasa nimebadili mawazo, na yafaa niwaelezeni sababu.

Goma iko chini ya mlima wa moto uitwao Nyiragongo. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima ulipasuka. Uji wa moto ulishuka, ukateketeza nyumba nyingi sana, ukasimama pembeni mwa mji. Watu zaidi ya 30 walikufa. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku, hata Alhamisi tarehe 27 serikali ikaamuru watu wa mitaa 10 wahame mara moja. Mtaa wetu wa Majengo ulikuwa mmojawapo. Malaki ya watu waliondoka. Wengine walivuka mpaka kwenda Gisenyi nchini Rwanda, wengine walipanda mashua kwenda Bukavu, na wengi walishika barabara ya Sake, mwendo wa kilomita 25 hivi.

Nilikuwa na miaka 14. Mama alibeba mtoto mchanga mgongoni na mzigo kichwani, nami nikapewa kazi moja tu, kumshika mkono mdogo wangu wa kike, mwenye miaka 5. Tulipokaribia Mugunga alianza kulia kwa uchovu. Lori lilikuwa likipita polepole, limejaa watoto na wazee. Dereva akatuonea huruma, akasema, "Mpandishe mtoto, mtamkuta Sake." Nikampandisha. Mama alikuwa mbele, hakuona. Tulipofika Sake usiku, hapakuwa na lori wala mtoto. Watu walijaa kila mahali, wamelala makanisani, shuleni na kando ya njia. Mama hakunigombeza. Afadhali angalinigombeza.

Tulimpata siku ya nne. Mama mmoja wa Sake alimwona analia pale lori lilipowashusha, akamchukua nyumbani, kisha akamleta kwa vijana wa kujitolea waliokuwa wakiandika majina ya watoto waliopotea. Kijana mwenye daftari akamwuliza, "Mama yako anaitwa nani?" Akajibu, "Mama." "Na kaka yako?" "Yaya." Wasomaji waliozoea Kiswahili cha pwani wasicheke. Kwetu yaya si mtumishi wa kulea watoto. Ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Basi kwa majina hayo mawili ungeweza kugonga kila mlango wa Goma na kuitikiwa.

Lakini karatasi ya kijana yule ilikuwa na maswali mengine: mtaa, shule, kanisa, nguo alizovaa, alama za mwilini, nani aliyemleta, na wapi alipoonekana mara ya mwisho pamoja na jamaa zake. Mdogo wangu alijua neno "Majengo", tena alijua jina la mwalimu wake. Hayo yalitosha. Na jambo kubwa kuliko yote, hakupelekwa mbali. Aliachwa kwa mama yule yule, hapo hapo Sake, na mahali pake pakaandikwa.

Baadaye nilijiuliza, nani alitunga maswali yale? Nani alisema kwamba mtoto asihamishwe ovyo? Nilipotafuta jibu, nililikuta katika mambo yaliyotokea mji wetu huo huo mwaka 1994, kabla sijazaliwa.

Katikati ya Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, malaki ya watu walivuka mpaka na kuingia upande wa Goma katika siku chache tu. Ardhi yetu ni mawe magumu ya mlima wa moto. Haikuwezekana kuchimba vyoo wala makaburi upesi. Maji safi hayakuwapo ya kutosha, na kipindupindu kikaingia. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000. Mashirika mengi yalikuja kusaidia, kila moja na bendera yake na desturi yake. Katika Rwanda na nchi jirani, watoto zaidi ya 100,000 walikuwa wametengana na wazazi wao. Nyumba za kuwalea zilifunguliwa, nazo zilikuwa na chakula. Basi baadhi ya jamaa waliokosa chakula wakawaacha watoto wao huko makusudi, wapate kula. Hivyo msaada wenyewe ukazidi kuwatenga watoto na jamaa zao. Wema ulikuwapo, lakini haukuwa na mpango, kama wema wa dereva yule wa lori.

Watu wa ofisi kuu waliyakusanya mafunzo hayo. Mwaka 1998 UNICEF, lile shirika la Umoja wa Mataifa la watoto lililoundwa tarehe 11 Desemba 1946, liliandika ahadi zake kwa watoto wakati wa maafa. Nazo zimesahihishwa mara kadhaa, mojawapo ni mwaka 2020. Mwaka 2004 mashirika sita, UNICEF likiwa mojawapo, yalitoa kanuni za pamoja juu ya watoto waliotengana na wazazi: jamaa wasitenganishwe, mtoto aandikwe kabla ya kuhamishwa, jamaa zake watafutwe kwanza, na nyumba ya kulea watoto iwe njia ya mwisho. Mwaka 2005 kukafanywa mpango mwingine, kwamba kila kazi iwe na shirika moja la kuiongoza. UNICEF lilipewa kuongoza kazi ya maji na usafi, na ya lishe. Elimu likaiongoza pamoja na Save the Children. Tangu hapo, pakikosekana maji, hujulikana nani wa kuulizwa.

Sasa niseme kwa ufupi kazi za ofisi kuu maafa yanapotokea.

Kwanza, ni kusikia na kupima. New York kuna chumba cha habari cha UNICEF kilichowekwa kufanya kazi usiku na mchana. Maafa hupimwa kwa daraja: yale ambayo ofisi ya nchi inayaweza, yale yanayohitaji msaada kutoka nje ya nchi, na yale makubwa yanayolitaka shirika zima.

Pili, ni fedha. Michango ya mataifa huchelewa. Kwa hiyo ofisi kuu huwa na akiba ya kuikopesha ofisi ya nchi, kazi ianze leo.

Tatu, ni vitu. Copenhagen kuna ghala kubwa lenye dawa, vyombo vya maji na vyakula vya watoto waliodhoofu, vimekwisha fungwa tayari kwa safari. Humo mna hata sanduku la shule. Lina vifaa vya mwalimu na wanafunzi 40, na kifuniko chake hupakwa rangi kiwe ubao wa kuandikia.

Nne, ni watu. Huwapo orodha ya wafanyakazi wazoefu waliokubali kuondoka upesi waitwapo.

Tano, ni kuunganisha. Mwaka 2021 ofisi ya UNICEF ya Kongo ilikuwa chini ya ofisi ya kanda iliyoko Dakar, na ile ya Rwanda chini ya Nairobi. Goma na Gisenyi ni miji iliyogusana. Mtoto huvuka kwa miguu. Lakini karatasi yake ikitoka ofisi hii kwenda ile, inatoka kanda moja kuingia nyingine. Hapana budi awepo mtu juu ya kanda zote mbili wa kuhakikisha kwamba maswali ni yale yale pande zote.

Hata hivyo ofisi kuu haijui njia ya Mugunga. Tarehe 23 Mei 2021, siku moja tu baada ya mlima kupasuka, UNICEF lilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 wametengana na jamaa zao, na zaidi ya 170 wanahofiwa kupotea. Hesabu hiyo haikuanzia New York. Ilianzia kwa watu wenye daftari, waliokuwa wamekwisha kufundishwa kabla ya maafa. Kadhalika kwa maji. Uji wa moto ulikuwa umeharibu mabomba na tangi, na watu karibu nusu milioni wakakosa maji. Vituo vya kutia klorini vikawekwa kando ya Ziwa Kivu. Hatukuona tena vifo kama vya 1994. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo ni kwamba safari hii watu walijua la kufanya kwanza.

Basi nilivyoelewa mimi, kazi kubwa ya ofisi ya mbali hufanywa kabla ya siku ya maafa: kutunga maswali mazuri, kuweka vitu ghalani, kufundisha watu, na kukubaliana nani ataongoza nini. Siku yenyewe ikifika, wakati wa kuanza kupatana umekwisha pita. Na mpango huo haufai kitu asipokuwapo mama wa Sake wa kumchukua mtoto, na kijana wa kuuliza swali la tatu baada ya mawili kukosa jibu.

Ninyi wanafunzi wenzangu, mkienda likizo wafundisheni wadogo zenu jina kamili la mama, la baba, na la mtaa. Ni kazi ya jioni moja. Nanyi mliopita katika shule hii, ambao sasa mko maofisini, msiidharau karatasi inayopita mezani kwenu. Huenda ina mtoto ndani yake.

Mdogo wangu sasa yuko shule ya msingi. Anaandika jina la mama bila kukosea. Mimi bado ananiita Yaya.

Mwanafunzi wa Senior 6