Kamusi Iliyomo Ndani ya Kompyuta: Mofimu Zikiwa Kazini

Watahiniwa wengi husoma mofimu kama kitu cha mtihani tu: unachanganua neno, unapata alama, basi. Hapa tutaitazama mada hii kupitia mashine isiyoweza kufanya kazi bila mofimu. Mashine hiyo ni kikagua tahajia, yaani ile sehemu ya programu ya kuandikia inayopiga mstari mwekundu chini ya neno isilolitambua.

Fungua kamusi ya kitabu, mathalani Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981) au Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA (2010). Utakuta kidahizo beba. Hutakuta anabeba, hawakubeba wala atabebeshwa, kwa kuwa mtunzi anaamini kwamba wewe unajua yanakotoka. Kompyuta haijui. Ukiiwekea beba peke yake, anabeba itapigwa mstari.

Je, tuiandikie maneno yote? Tuhesabu kwanza. Chukua kitenzi cha hamali wa bandarini Malindi: beba. Kuna viambishi sita vya nafsi (ni, u, a, tu, m, wa), viambishi vinne vya njeo (na, li, ta, me), na tuseme kauli tano: beba, bebea, bebwa, bebesha, bebeshwa. 6 × 4 × 5 = maneno 120. Hapo hatujagusa ukanushi, wala kiambishi cha mtendwa (anatubeba), wala kirejeshi (anayebeba). Na hicho ni kitenzi kimoja.

Tatizo la nafasi si geni. Katika miaka ya 1970, kwenye maabara za Bell huko Marekani, Doug McIlroy alitaka kuingiza orodha ya maneno 30,000 hivi ya Kiingereza katika kumbukumbu ya kilobaiti 64. Alivua viambishi ili orodha ifupike, kisha akahifadhi namba zilizokokotolewa kutoka kwenye maneno badala ya maneno yenyewe. Kama Kiingereza, chenye viambishi haba, kilihitaji hila hiyo, sembuse Kiswahili!

Programu nyingi za leo, zikiwemo LibreOffice na Firefox, hutumia Hunspell, iliyotungwa kwanza kwa ajili ya Kihungaria, lugha nyingine yenye viambishi tele. Kamusi yake huwa mafaili mawili. La kwanza ni orodha ya mashina, na kila shina lina alama pembeni inayoonyesha kundi lake. La pili ni kanuni: kundi hili lipokee viambishi hivi, kundi lile vile. Ukiandika neno, programu huvua viambishi, hubaki na shina, kisha hukokotoa namba kutokana na herufi zake na kwenda moja kwa moja mahali namba hiyo inapoelekeza. Ni kama karani wa posta Shangani anayeshika barua yenye namba ya sanduku: hahitaji kupekua masanduku yote.

Sasa tazama hawatatubebea:

ha- ukanushi, -wa- nafsi ya tatu wingi, watenda, -ta- wakati ujao, -tu- nafsi ya kwanza wingi, watendewa, -beb- mzizi, -e- kauli ya kutendea, -a kiishio.

Mofimu saba. Kwa kawaida Hunspell huvua kiambishi awali kimoja tu, kwa hiyo mtunzi wa kamusi hulazimika kufunga hawatatu- pamoja kama kifurushi kimoja. Wewe usifanye hivyo katika mtihani. Kila mofimu itenge peke yake na uitaje kazi yake.

Uzito wa kazi umo katika kanuni. Kwa nini ni beb-e-a lakini pik-i-a? Mzizi wenye irabu a, i au u huchukua -i- (katia, pikia, fungia). Wenye e au o huchukua -e- (bebea, somea). Ukanushi nao una makundi: beba hugeuka habebi, lakini vitenzi vyenye asili ya Kiarabu, kama safiri, jibu na samehe, havibadili mwisho: hasafiri, hajibu, hasamehe. Vitenzi vya silabi moja navyo vina mambo yao: anakula hubeba ku-, hali haina. Mtunzi akisahau kundi moja tu, mashine itakubali neno lisilo sahihi bila wasiwasi, au itakataa neno sahihi.

Hapa ndipo unapopaswa kuwa macho. Mstari mwekundu hukagua neno moja moja. Andika "Bwana harusi ametoa mahali" au "Wananchi walipiga kula", na hakuna kitakachoonekana, kwa sababu mahali na kula yamo kamusini. Andika "kitabu nzuri", vivyo hivyo. Upatanisho wa kisarufi na matatizo ya r na l ni mzigo wako.

Upande wa pili, mstari mwekundu si hukumu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja, lahaja ya mjini hapa, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Hata hivyo, orodha ikitungwa na mtu aliyezoea shule, skuli yako inaweza kupigwa mstari, na mzee wa Makunduchi akiandika Kikae chake karatasi nzima itakuwa nyekundu. Maana yake ni kwamba neno halimo katika orodha ile, basi. Bonyeza uliongeze.

Swali la kujipima
(a) Changanua mofimu za maneno haya na utaje kazi ya kila moja: hatutawasomea, wasiotujibu, alikatiwa.
(b) Kwa nini somea na katia haziwezi kutumia kanuni moja katika faili la kanuni?
(c) Tunga sentensi mbili zenye makosa ambayo kikagua tahajia hakiwezi kuyaona, kisha uzisahihishe.