Gati la Ndui, Simu ya Korona

Mnamo Februari 2020 mwanamke mmoja aliyekuwa amerejea London kutoka China alijihisi mgonjwa, akaita gari la Uber kama mtu aitavyo teksi ya kwenda sokoni, akateremka kwenye mlango wa hospitali na kueleza hali yake. Naye ndiye aliyekuja kuhesabiwa kuwa mgonjwa wa kwanza wa korona katika jiji lile. Magazeti yakapiga kelele siku mbili tatu, yakimlaumu kwa kutopiga simu kwanza kama serikali ilivyoagiza. Lawama hiyo ilikuwa na umri wa zaidi ya karne moja na nusu, kwani sheria ya afya ya mwaka 1866 ilikwisha kumtoza faini mwenye maradhi ya kuambukiza aliyepanda gari la kukodi pasipo kumwarifu mwenye gari, na ikampasa mwenye gari naye kulisafisha kwa dawa kabla ya kupakia abiria mwingine.

Sheria ile ilikuwa na kasoro iliyo katika sheria nyingi, nayo ni kufunga njia moja bila ya kufungua nyingine. Fukara wa mitaa ya mashariki mwa London aliyeshikwa na ndui, au mtoto wake aliyevimba koo kwa dondakoo, hakuwa na farasi wala gari. Na mwenye gari la kukodi, akijua kuwa atapoteza kutwa nzima akilifukiza gari lake, alikuwa na kila sababu ya kumpiga farasi mjeledi na kupita mbio amwonapo mtu aliyefunikwa blanketi kizingitini. Baraza lililoundwa mwaka 1867, lijulikanalo kwa jina la Metropolitan Asylums Board, ndilo lililokabidhiwa hospitali za homa na ndui kwa ajili ya maskini wa jiji, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 likaanza kuweka vituo vya magari ya farasi kando ya hospitali hizo, mgonjwa akisindikizwa na muuguzi, na gari likioshwa na kutiwa dawa kabla ya kutumwa tena. Ajali za barabarani, ambazo leo ndizo zitujiazo akilini tusikiapo king'ora, zilingoja hadi mwaka 1915 ndipo halmashauri ya jiji ikaziwekea magari yake. Kwa hiyo gari la wagonjwa la London, kwa asili yake, ni mtoto wa maradhi ya kuambukiza, ijapokuwa kwa muda mrefu lilimsahau mzazi wake.

Wagonjwa wa ndui walipelekwa mtoni. Tangu mwaka 1884 merikebu tatu, Atlas, Endymion na Castalia, zilitia nanga Long Reach, upande wa chini wa mto Thames karibu na Dartford, zikiwa hospitali zinazoelea: mbili za kwanza zilikuwa manowari kuukuu, na ya tatu ni chombo cha ajabu chenye viunzi viwili pacha, kilichojengwa hapo awali kuvusha abiria baina ya Uingereza na Ufaransa. Mgonjwa aliletwa kwa gari la farasi hadi gatini, na kutoka hapo akashushwa mtoni kwa boti ya mvuke. Msomaji aliyepata kufika Changuu, kile kisiwa kilicho mkabala na Mji Mkongwe wa Unguja ambacho nacho kilifanywa karantini, ataitambua mara moja fikra iliyouzaa mpango huu.

Mimi huvutiwa zaidi na vyumba vya uchunguzi vilivyokuwa pale gatini. Kabla ya mgonjwa kupandishwa botini, tabibu alimtazama tena ili ahakikishe kuwa alicho nacho ni ndui kwa yakini, wala si tetekuwanga au upele mwingine uliomdanganya aliyemwandikia cheti. Kwani kumtia mtu asiye na ndui katika merikebu iliyojaa ndui ni sawa na kumpa maradhi kwa mkono wako mwenyewe, na wale ambao hali yao ilikuwa na shaka waliwekwa kando mpaka shaka iondoke. Kazi ya kuchukua wagonjwa, basi, ilikuwa na nusu mbili tangu mwanzo: nusu moja ya magurudumu, na nusu ya pili ya kukata shauri nani aende, nani abaki, na aende wapi.

Nusu hiyo ya pili ilififia kadiri maradhi yale yalivyopungua. Baraza lilivunjwa na kazi zake zikahamia kwa halmashauri ya jiji mwaka 1930. Mwaka 1965 huduma kadhaa za magari zikaunganishwa kuwa London Ambulance Service. Na kwa kuwa wengi waliosafirishwa sasa walikuwa waliovunjika mifupa, waliobanwa na moyo na waliopooza ghafla, sifa ya huduma ikawa ni mwendo wa kasi. Huko England leo simu za dharura hugawanywa katika madaraja manne: aliye ukingoni mwa mauti hutakiwa kufikiwa, kwa wastani, katika dakika 7, na yule wa daraja la pili, kama vile mwenye maumivu ya kifua, katika dakika 18.

Korona ilipoingia, hesabu hizo zilivurugika kwa sababu ambayo si wengi huifikiri. Nguvu ya huduma kama hii haipimwi kwa idadi ya magari pekee, bali kwa muda ambao kila safari hulishika gari. Chukua mfano wa kubuni: magari 12 yanayomaliza safari kwa saa moja, muda huo ukirefuka ukawa saa moja na nusu, magari yale 12 hufanya kazi ya magari 8, ijapokuwa hakuna hata moja lililoharibika. Na ugonjwa huu ulirefusha kila kipande cha safari. Wahudumu walivaa barakoa, aproni, glavu na kinga ya macho kwa kila mgonjwa aliyeshukiwa, na vazi zito zaidi, lenye barakoa ya kuchuja hewa, palipokuwa na kazi ya kurusha matone ya pumzi hewani; kisha gari likapaswa kufutwa kwa dawa kila pembe, kama lilivyooshwa lile la farasi. Ukazuka hata mjadala baina ya wataalamu, kama kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama ni kazi inayodai vazi lile zito, maana dakika moja ya kuvaa ni kubwa mno kwa moyo uliokwisha kusimama.

Mioyo iliyosimama ilikuwa mingi. Katika miezi ya Machi na Aprili 2020, wahudumu wa London waliitwa kwa watu 3,122 ambao mioyo yao ilisimama nje ya hospitali, ilhali katika miezi iyo hiyo ya mwaka uliotangulia walikuwa 1,724. Na waliokuwa hai baada ya siku 30 walipungua kutoka asilimia 10.6 hadi asilimia 4.4. Si wote waliouawa na korona yenyewe. Mwezi Aprili vyumba vya dharura vya hospitali za England vilipokea watu wapatao 917,000, pungufu kwa asilimia 57 kuliko Aprili ya mwaka 2019, na haiyumkiniki kwamba maradhi mengine yote yalichukua likizo. Watu walijikalia nyumbani na maumivu yao, wengine kwa hofu ya kuambukizwa, wengine kwa ile staha ya kutotaka kuwasumbua matabibu.

Ndipo lile gati la zamani likafufuka, safari hii ndani ya simu. Namba ya ushauri ya 111 ilipigiwa karibu mara milioni 3 katika mwezi wa Machi peke yake, na wengi waliokata tamaa walikata simu kabla ya kujibiwa. Katika vyumba vya kupokelea simu waliongezwa wauguzi na wahudumu wazoefu, baadhi yao wakiwa ni wale waliolazimika kujitenga au ambao afya yao haikuwaruhusu kutoka, wakawa wanawapigia wagonjwa na kuwasikiliza: je, aweza kumaliza sentensi moja bila ya kuvuta pumzi katikati? Jambo hili huonekana dogo, walakini sikio lililozoea husikia mengi katika sentensi isiyofika mwisho.

Tena korona ilikuwa na hila moja ambayo sikio halikuitosha. Wapo wagonjwa waliozungumza vizuri, wakanywa chai yao, ilhali oksijeni katika damu yao ilikuwa imeshuka kiasi cha kumtisha tabibu yeyote. Kifaa kidogo kama kibanio cha nguo, kinachobanwa kidoleni na kupima oksijeni kwa mwanga, kikawa ndicho hakimu. Na palipokuwa na shaka, mgonjwa aliambiwa ainuke kitini na kuketi tena na tena kwa muda wa dakika moja, kwa kuwa kiwango kilichoonekana kizuri wakati wa utulivu kiliweza kuporomoka kwa jitihada hiyo ndogo. Kufikia Novemba 2020 England ilikwisha kuanza mpango wa kuwapa wagonjwa vifaa hivyo wakae navyo nyumbani na kujiangalia wenyewe. Hapo mhudumu aliyemwacha mgonjwa kitandani kwake hakuwa tena amemtelekeza.

Magurudumu nayo yalihitaji watu. Mwezi Machi 2020 chama cha wazimamoto kilikubaliana na waajiri kwamba askari wa zimamoto waendeshe magari ya wagonjwa, na mafundi wa AA, ambao kazi yao ya siku zote ni kuwakwamua wenye magari yaliyozimika njiani, wakaenda kuyatengeneza magari ya huduma ya London.

Wimbi la pili likawa zito kuliko ilivyotazamiwa. Tarehe 26 Desemba 2020 huduma ya London ilipokea simu 7,918, ilhali siku kama hiyo mwaka uliopita zilikuwa 5,217. Na tarehe 8 Januari 2021 Meya Sadiq Khan akatangaza kuwa jiji limo katika tukio kubwa la dharura. Magari yalijipanga foleni nje ya hospitali yakiwa na wagonjwa ndani. Vitanda vya wagonjwa mahututi vilipojaa, baadhi yao walihamishiwa miji mingine, kazi inayotaka mashine ya kupumulia isiyozimika njiani na tabibu wa kumkesha mgonjwa mwendo mzima. Na kutokana na mashaka hayo England ikaanzisha timu maalumu za kuhamisha mahututi, ambazo zamani zilikuwa zikiundwa harakaharaka kwa kuokota muuguzi huku na daktari kule.

Timu hizo zilidumu, na wataalamu wa simu nao wakadumu. Foleni pia ikadumu. Hospitali zilishindwa kuwatoa wazee waliokwisha kupona kwa kuwa nyumbani hakukuwa na wa kuwatunza, vitanda havikuachwa wazi, na gari lililofika mlangoni likawa halina pa kumshusha mgonjwa wake. Mnamo Desemba 2022, wakati korona ilikuwa imekwisha kutoka kwenye kurasa za mbele za magazeti, mgonjwa wa daraja la pili huko England, yule mwenye maumivu ya kifua aliyeahidiwa dakika 18, alingoja kwa wastani saa moja na dakika 32, nalo gari ambalo lingemwendea lilikuwa mbele ya hospitali, injini ikinguruma ili kumtia joto mgonjwa mwingine aliyelala ndani.