Kuponi na Pointi Dukani: Kanuni Iwe Moja

Ndugu Makatibu na Wanachama,

Katika ukaguzi wa maduka ya vyama lipo lalamiko linalorudi mara kwa mara. Mwanachama huja dukani na kuponi ya punguzo, na katika daftari ana pointi alizojipatia kwa manunuzi ya nyuma. Karani wa asubuhi humkubalia vyote viwili. Karani wa jioni humwambia achague kimoja. Hivyo mfuko uleule wa unga huwa na bei mbili kwa siku moja, na wanachama wakilinganisha stakabadhi zao huona kwamba duka lina upendeleo.

Ili kuondoa utata huu, yafaa kwanza kuuliza: ni nani anayelipa punguzo lenyewe?

Kuponi ya mtengenezaji au ya serikali hulipwa na aliyeitoa. Mfano ulio karibu nasi ni vocha za pembejeo zilizoanza kutolewa nchini Tanzania mwaka 2008. Vocha ilibeba takriban nusu ya bei ya mbolea au mbegu, mkulima akalipa iliyobaki, na muuzaji akaipeleka vocha benki ili alipwe. Kuponi ya duka lenyewe ni tofauti, kwani thamani yake hukatwa katika mapato ya duka.

Pointi ni jambo la tatu. Katika ushirika, jamaa yake ni gawio la manunuzi, ambalo Waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, walilifanya kuwa kanuni: ziada hugawiwa kwa kadiri ya manunuzi ya kila mwanachama. Pointi iliyokwisha kuandikwa ni ahadi ambayo chama kinadaiwa. Hata kanuni ya kimataifa ya hesabu IFRS 15, iliyoanza kutumika mwaka 2018, hutaka thamani ya pointi za namna hii ionyeshwe kuwa wajibu hadi zitakapotumiwa au kwisha muda wake. Kwa hiyo, kumzuia mwanachama asitumie pointi zake pasipo kanuni iliyoandikwa ni kumnyima haki yake.

Utaratibu wa kukata nao una uzito. Tuseme bidhaa ni za shilingi 40,000, duka lina punguzo la asilimia 10, kuponi ni ya shilingi 5,000 na pointi zina thamani ya shilingi 3,000. Karani anayeanza na asilimia hupata 36,000, kisha 31,000, na mwisho 28,000. Anayeanza na kuponi hupata 35,000, kisha 31,500, na mwisho 28,500. Makarani wote wawili ni waaminifu, lakini mwanachama mmoja amelipa shilingi 500 zaidi ya mwenzake.

Kwa sababu hiyo, kila chama chenye duka kingefanya vema kupitisha kanuni hizi:

(a) Punguzo la asilimia likatwe kwanza, kisha kuponi. Pointi zifuate mwisho, kwa kuwa hutumika kama fedha.

(b) Masharti ya mtoaji wa kuponi yafuatwe barabara, kwani akiona yamevunjwa aweza kukataa kulirudishia duka fedha.

(c) Ikiwa kuponi ya duka haiunganishwi na punguzo jingine, sharti hilo liandikwe juu ya kuponi kabla ya kutolewa.

(d) Pointi mpya zihesabiwe kwa fedha taslimu zilizolipwa. Katika mfano wetu, ni shilingi 28,000.

(e) Stakabadhi ionyeshe kila punguzo kwa mstari wake, ili mhasibu ajue lipi la kudai kwa mtoaji na lipi la kufuta katika deni la pointi.

(f) Kanuni ikibadilishwa, wanachama wapewe taarifa mapema, na pointi walizokwisha kupata zisipunguzwe thamani.

Kanuni zikishapitishwa, zibandikwe mahali pa kulipia, na kila karani apewe nakala. Katibu naye achukue stakabadhi chache kila mwezi, azirudie hesabu zake, na taarifa yake iwasilishwe kwa Bodi. Mwanachama anayeona hesabu yake haikwenda sawa aombe kuonyeshwa kanuni hiyo, naye ana haki ya kujibiwa kwa maandishi.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika