Wimbo haukumtaja mtu

Wageni wanaopelekwa Mbweni huonyeshwa kuta za mawe zilizobaki za skuli ya St Mary's, Kanisa la Mtakatifu Yohana la mwaka 1882, na mahali alipokuwa na nyumba yake John Kirk, balozi wa Kiingereza aliyependa kukusanya miti ya kigeni. Wamisionari wa UMCA walinunua shamba hapa mwaka 1871, wakafungua skuli ya wasichana waliokamatwa utumwani kisha wakaachiwa huru. Caroline Thackeray, wa ukoo mmoja na mwandishi wa riwaya William Makepeace Thackeray, aliiongoza skuli hiyo kuanzia 1877 hadi 1902, na kaburi lake liko papo hapo Mbweni. Wasichana wake walikuja na lugha za bara, Kiyao na Kinyasa na nyinginezo. Kiswahili walikikuta Unguja.

Na Kiswahili cha Unguja kilikuwa kimeshaanza kuingia vitabuni. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa misheni hiyohiyo, alitoa mwaka 1870 kitabu cha Swahili Tales, hadithi alizosimuliwa na watu wa hapa. Wengi wakikitaja hukumbuka hadithi za wanyama na masultani. Mimi hukumbuka kisa cha Liongo, yule shujaa wa masimulizi ya pwani, akiwa kifungoni. Mama yake alikuwa akimpelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi, na walinzi, kila chakula kikiwa kizuri, wakikila wao. Liongo akamtuma kijakazi kwa maneno ya wimbo: mama apike mkate mzuri, na mwingine wa wishwa, na ndani ya huo wa wishwa atie tupa. Walinzi wakala mzuri, wa wishwa wakamwachia mfungwa. Usiku ule watu wakapiga ngoma nje, na humo ndani tupa ikakata pingu.

Waalimu wangetuambia hapo pana ishara, pana taswira, pana hiki na kile. Mimi nitazamapo naona watu watatu wakiusikia wimbo mmoja, kila mtu kwa sikio lake. Mama alifahamu. Kijakazi alibeba. Askari walisikia mahadhi tu, na mahadhi hayana kosa. Mtunzi wa fumbo huanza kwa kujua nani atakuwapo barazani; maneno huja baadaye.

Wakati skuli ya Mbweni ikifundisha kusoma na kuandika, kusini zaidi katika pwani hiyohiyo, Fumba, alizaliwa mnamo 1880 mtoto wa kike ambaye hakuingia skuli yoyote. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye alipokua akawa mchuuzi wa vyungu, akivitembeza kwa sauti mpaka mjini. Huyo ndiye Siti binti Saad. Alihamia mjini mwaka 1911, akafundishwa kuimba na Ali Muhsin, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurikodi sahani za santuri, jambo ambalo hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa amelifanya kabla yake. Taarab ya kasri ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliifanya iseme Kiswahili cha Ng'ambo, cha watu waliofahamiana kwa kelele za jikoni na ugomvi wa kisimani. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na wanahabari wanawake wa TAMWA walipoanzisha jarida la wanawake waliliita Sauti ya Siti.

Sasa tazama nyimbo mbili zinazohusishwa naye. Ya kwanza ni Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa hapa Unguja. Mtuhumiwa, Kijiti mwenyewe, akavuka kwenda bara, na walioishia mikononi mwa mahakama ni wanawake wawili, kwa habari ya pombe. Siti aliimba kisa hicho kama kilivyo. Jina limetajwa, hukumu imetajwa, masikitiko hayakufunikwa. Ya pili ni Muhogo wa Jang'ombe, wimbo ambao vijana wa leo wameujua kwa sauti ya Bi Kidude. Huo mtoto wa miaka sita anaweza kuuimba mbele ya babu yake na asikemewe, kwani ni habari ya muhogo, na Jang'ombe ni mtaa unaojulikana. Watu wazima wanaousikia hutazamana kidogo, kisha hutazama pembeni.

Kwa nini mtunzi yuleyule afunue huku na afunike kule? Jibu lililozoeleka ni hofu: kwamba fumbo ni silaha ya mnyonge, hutumika pale ambapo ukisema wazi utafungwa. Lina ukweli wake, lakini kwa Siti halitoshi. Katika Kijiti aliyelaumiwa ni mahakama ya serikali ya kikoloni, na hapo ndipo aliposema wazi. Katika muhogo hakuna serikali, kuna majirani tu. Hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba fumbo letu, zaidi ya woga, ni adabu ya watu wanaokaa karibu. Mji Mkongwe nyumba zinashirikiana ukuta. Ng'ambo ukikaanga samaki mtaa mzima unajua ni wa aina gani. Mtu uliyemsema leo kesho utamkuta msibani, na kesho kutwa mwanawe atamposa mwanao. Katika hali hiyo maneno lazima yawe na mlango wa nyuma, wa msemaji kutokea na wa msemwa kutokea pia.

Anayetaka kuona mlango huo unavyofanya kazi aende kwenye taarab ya harusi, iwe Mbweni ya leo yenye majumba mapya na kuta ndefu, iwe Kikwajuni. Ukumbi umejaa wanawake, udi unafuka, vikuba vya asumini vimebanwa vifuani. Mwimbaji anaimba juu ya ua lililochumwa na mtu asiyelimwagilia. Beti mbili zinapita, watu wanatikisa vichwa. Ubeti wa tatu, mama mmoja anasimama. Haendi moja kwa moja jukwaani. Anachukua njia ndefu, anapita kati ya viti mpaka safu ya pili kulia, na hapo mwendo wake unapungua. Noti ya elfu kumi iko juu, imeshikwa kwa vidole viwili. Anaimba pamoja na mwimbaji, macho yake hayamwangalii mtu. Kisha anaendelea, anamtunza mwimbaji, anarudi kwa njia fupi na kukaa. Jambo lote halikuchukua dakika mbili. Safu ya pili kulia kuna mwanamke anayejifungafunga mtandio ambao haukuwa umefunguka.

Hakuna aliyetukanwa. Mtunzi aliandika juu ya ua. Mwimbaji aliimba alichoandikiwa. Aliyetunza ametunza, na kutunza ni ada. Ukimwendea mama yule ukamuuliza alikuwa akimsema nani, atakwambia ameupenda wimbo tu. Na yule aliyeguswa akilalamika, atajiumbua mwenyewe, kwa kuwa mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Siku akitaka kujibu, atasubiri wimbo wake, naye ataamka na noti yake.

Hapo sitiari imekamilika mikononi mwa msikilizaji. Mtunzi wa taarab anayejua kazi hulijua hilo na huacha nafasi. Ua lake halina jina wala mtaa, chombo chake hakina nahodha anayefahamika, na njiwa wake anaweza kuwa mume, mke, rafiki, au hata chama cha siasa. Akilitia alama nyingi mno fumbo lake, litamfaa mtu mmoja tu na kufa naye. Nyimbo za Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, na za kikundi cha Culture zimeweza kuimbwa miaka nenda miaka rudi kwa sababu kila kizazi cha wake wenza, mawifi na wapenzi walioachana kimeingia humo na kukuta mahali pa kukaa.

Waandishi wetu wa riwaya walinyonya ziwa hilohilo. Soma majina ya vitabu vyao kama vile mtangazaji wa redio anayasoma kabla ya kupiga sahani: Kiu na Nyota ya Rehema vya Mohamed Suleiman Mohamed, Asali Chungu na Dunia Mti Mkavu vya Said Ahmed Mohamed, Vuta N'kuvute cha Adam Shafi. Kila kimoja kingeweza kuwa wimbo, na kimojawapo ni nusu ya methali ambayo msomaji anaimalizia mwenyewe kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Katika Kiu, riwaya ya 1972, jina halikuwekwa kwa mapambo. Mzee Mwinyi ana kiu ya ujana wa Bahati, Idi ana kiu ya mali, Bahati ana kiu ya penzi la kweli, na kisima cha kila mmoja kiko katika milki ya mwenzake. Mwandishi hakuhitaji kutuambia nani mbaya. Vuta N'kuvute ni hivyohivyo: mchezo wa kamba unaojulikana na kila mtoto umebeba ndoa ya Yasmin, siasa za Denge na Zanzibar ya miaka ya 1950, na hakuna upande unaoachia.

Kuna pia fumbo lililotungwa kwa tahadhari, nami sitalikana. Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu mwaka 1933, mvuvi na baharia ambaye elimu yake kubwa ilikuwa bahari na chuo cha Kurani, aliandika shairi la Kimbunga, ambalo ndilo lililoipa jina diwani yake ya 1994. Linahadithia dhoruba iliyoupiga mji wa Siyu, na ajabu zake: vilivyo vikubwa vikang'oka, vilivyo dhaifu vikabaki. Wasomaji wengi wameona humo Mapinduzi ya 1964. Wengine wameona kudra ya Mungu, na wengine upepo wa kweli, kwani Tumbatu upepo si hadithi. Haji Gora alifariki mwaka 2021 na shairi bado linavutana na wasomaji wake. Huyu huyu alivitungia pia vikundi vya taarab, na ndiyo maana sioni ukuta kati ya fasihi na wimbo kisiwani hapa. Ni mkono mmoja.

Mambo yaligeuka miaka ya 1990. Vyama vingi viliporudi, na vikundi vya bara vilipoanza kushindana kwa ajili ya watazamaji, TOT ikiwa na Khadija Kopa na Muungano ikiwa na Nasma Khamis, mipasho ikawa biashara. Khadija ni mtoto wa Unguja na fumbo analijua. Sauti yake bado ni hazina. Lakini soko lilitaka mashabiki wajue papo hapo nani anapigwa, na fumbo linalofumbuliwa kabla wimbo haujaisha limeshakuwa tusi lililovaa kanga. Sisemi haya kwa kuitamani jana. Katika mipasho kuna ucheshi na wepesi wa ulimi ambao wazee wa taarab wangeuonea wivu. Kilichopungua ni ile njia ya kutokea. Aliyepashwa hana la kufanya ila kupasha naye, na ugomvi unakua kwa kila kanda.

Bongo Fleva na Zenji Fleva zina hadithi yake. Vijana wanaotukanwa kwamba wameua lugha mara nyingi wanatunga sitiari kwa kasi ya ajabu; simu isiyo na chaji, daladala iliyojaa, vocha, mtandao unaokatika, vyote vimeshageuzwa mapenzi. Sitiari ya simu ina haki sawa na ya nahodha. Ninachowalaumu ni haraka yao ya kufafanua: kiitikio kinaweka fumbo, ubeti unaofuata unalieleza, na video inamwonyesha mwenyewe akilia sebuleni.

Lawama kubwa zaidi naipeleka darasani. Mwanafunzi wa skuli zetu anaweza kukutajia tashbihi, sitiari, tashihisi, kinaya na tafsida bila kupumua, na kwa kila moja ana mfano aliopewa, mara nyingi uleule waliopewa dada zake. Mtoto huyo huyo nyumbani, shangazi akisema mbele ya mgeni kwamba paka leo hajala, anajua mara moja kwamba samaki ameisha na asiende kumkaribisha mtu. Anao ujuzi kamili, ila mtihani haumuulizi. Unamtaka ataje tamathali, haumuulizi nani alikuwa akisikiliza, nani hakutakiwa afahamu, na msemaji angeponea wapi kama angeulizwa. Maswali hayo matatu ndiyo yaliyomfungua Liongo.

Ombi langu basi ni kwa waalimu wa Kiswahili, na kwa BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, kama wana nafasi ya kulisikia. Mpeni kila mwanafunzi kazi ya kwenda nyumbani na wimbo mmoja wa zamani, auimbe mbele ya bibi, mbele ya mama na mbele ya kaka, kisha aandike kila mmoja alifikiri unamsema nani. Bibi akikataa kujibu, naye aandikwe. Na wazazi, akija mtoto kuuliza maana ya muhogo, msimfukuze. Mwambieni kidogo, mengine aachiwe akue nayo.