Mtoto Hulelewa na Mtu, si na Jengo

Wanaodhani kwamba sera ya serikali haifiki hadi kitanda cha mtoto mchanga, na waitazame Romania. Mwaka wa 1966 Nicolae Ceauşescu alipiga marufuku utoaji mimba ili taifa liongezeke; wazazi waliolemewa na ufukara wakawaacha wana wao katika makao ya serikali. Utawala wake ulipoanguka mwaka wa 1989, walikutwa humo watoto waliolishwa bila ya kupakatwa, wakijiyumbisha wenyewe vitandani.

Baadaye watafiti waliwafuatilia watoto 136 wa makao ya Bucharest, nusu yao wakipelekwa kwa kura katika nyumba za walezi. Waliopata mlezi kabla ya kutimiza miaka miwili ndio waliofaidi zaidi: akili zilichangamka, wakajua kumwegemea mtu.

Kenya nayo ilisitisha usajili wa makao mapya mwaka wa 2017, kisha mwaka wa 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarejesha watoto kwa jamaa zao. Nauunga mkono. Lakini mpango wa Inua Jamii huipa nyumba ya yatima iliyosajiliwa shilingi 2,000 kwa mwezi, awe mmoja au wawe wanne. Nyanya anayeshinda sokoni akiuza mboga atampakata mjukuu saa ngapi?