Shule ya Oyster Bay na Mpaka wa Lugha

Chini ya utawala wa Waingereza, elimu ya Tanganyika iligawanywa mafungu matatu: ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika. Kila fungu lilikuwa na shule zake na fedha zake. Shule ya Oyster Bay, iliyoko leo katika Wilaya ya Kinondoni, ilikuwa ya watoto wa Wazungu, katika mtaa wa pwani walikokaa maofisa wa serikali. Waafrika walikaa Ilala, Magomeni na Temeke. Mahali pa shule palitosha kumjulisha mtu kwamba shule hiyo ni ya nani.

Wasemaji wa Kiswahili waliupa mgawanyo huo majina: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Umbo la maneno haya ni moja, yaani kiambishi u-, shina litajalo watu, na -ni ya mahali. Kwa umbo hilo rangi ya mtu iligeuzwa kuwa mahali pa kukaa.

Mpaka huo ulikuwa wa lugha pia. Mtoto wa Kizungu alifundishwa kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Katika shule nyingi za Wahindi Kigujarati kilitangulia, kisha Kiingereza. Mwafrika alianza kwa Kiswahili, akakutana na Kiingereza baadaye, naye alipaswa kushinda mitihani ya kuchuja ili aendelee.

Tarehe 1 Januari 1962, majuma machache baada ya Uhuru, mgawanyo wa rangi katika shule uliondolewa kwa sheria. Hata hivyo, shule zilizofundisha kwa Kiingereza hazikuweza kumfaa mtoto asiyekijua. Rangi iliondoka mlangoni, lugha ikabaki kuwa bawabu. Ndiyo maana uamuzi wa 1967, wa kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, ulikuwa pia jambo la haki, wala si la ufundishaji tu.

Tangu miaka ya 1990 shule za msingi za binafsi zifundishazo kwa Kiingereza zimeenea, na ada ndiyo ifunguayo mlango. Maneno nayo yamefuata mkondo huo: Uzunguni sasa ni makazi ya wenye mali, wawe wa rangi yoyote, Uswahilini ni mitaa iliyosongamana ya watu wa kipato kidogo. Sheria ilifuta maana ya kwanza. Ya pili imejengwa na fedha.